Mgomvi Si Mshari

Mgeni akipita mbele ya duka la vioo kwa mara ya kwanza, ilikuwa lazima asimame. Hakusimama kwa ajili ya vioo. Alisimamishwa na kelele.

"Kioo chako kikubwa!"

"Fremu yako ndogo!"

"Fremu nimepima mwenyewe."

"Ndiyo maana ikawa ndogo."

Mgeni angetazama huku na huku kutafuta mtu wa kuamua ugomvi. Angemwona mwanamke mfupi, mnene kiasi, amekaa kwenye kigoda mlangoni anachambua maharage, hana habari.

"Mama, hawa hawatauana?"

"Hawa?" angejibu bila kuinua kichwa. "Hawa hata kuku kumchinja hawawezi. Ingia, sema unachotaka."

Wenye kelele walikuwa wawili. Wa kwanza ni mumewe, mkata vioo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Vioo. Wa pili ni kaka wa mwanamke huyo, fundi mbao, aliyekuja zamani hizo kukaa kwao wiki moja tu wakati anatafuta kazi, na wiki yenyewe ikawa haina mwisho. Huyo kila mtu alimwita Shemeji, hata wasiokuwa mashemeji zake, kwa sababu ndivyo Mzee Vioo alivyokuwa akimwita, tena kwa sauti ya kufika njia kuu.

Kazi waligawana. Shemeji alitengeneza fremu na makabati, Mzee Vioo alikata vioo vya kutia humo. Kila kitu kilichotoka dukani kilikuwa nusu cha huyu na nusu cha yule, kwa hiyo kila kitu kilikuwa na ugomvi wake. Wakichoka kubishana, mwanamke yule angeinuka, ajipanguse mikono, achukue tepu, apime kioo, apime fremu, kisha atoe hukumu.

"Wote mmekosea. Wewe punguza unywele mmoja. Wewe piga randa kidogo hapa. Na chai inapoa."

Wangekunywa chai kwenye benchi moja, kimya, wakipitishiana sukari. Chai ikiisha wangeanza upya.

Ajabu ni kwamba Mzee Vioo hakuwa mtu wa maneno. Mteja akimwuliza habari za asubuhi alijibu "nzuri", na asubuhi ikawa imeishia hapo. Shule hakwenda. Nambari za kwenye tepu alizijua kwa sura, kama mtu anavyojua nyuso za jirani zake. Kwenye harusi ya binti yake mwenyewe, alipoambiwa aseme neno, alisema, "Kuleni." Maneno yote aliyopewa na Mungu alikuwa amemwekea shemeji yake. Kwa mkewe hakuhitaji mengi. Yule alimjua kwa namna anavyovua viatu.

Siku moja, jirani mmoja, mwanamke wa miguu myepesi na masikio marefu, alipita dukani akasema kwa huruma ya juu juu, "Pole dada. Kuishi na washari wawili nyumba moja si mchezo."

Mke wa Mzee Vioo alikuwa akifagia vipande vya kioo. Alisimamisha fagio.

"Umesema washari?"

"Si hao kila siku wanagombana?"

"Sikiliza, mwenzangu. Mshari ni yule anayekuja kwako na maneno ya jirani, halafu anakwenda kwa jirani na maneno yako. Nyumba mbili zikishawaka moto, yeye yuko kwake anakunywa chai. Mgomvi anawaka mwenyewe. Ana neno na wewe, anakwambia machoni, mnamalizana, mnakula. Mimi hapa nina wagomvi. Mshari hajavuka mlango huu." Akamtazama. "Labda leo."

Jirani alikumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria motoni.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kwake kila mtu alikuwa na neno lake, na hakupenda mtu avalishwe neno la mwingine, kama vile hakupenda kuona mtoto amevishwa kiatu cha mkubwa. Mteja aliyeleta kioo chenye ufa akadai ufa umetokea dukani, huyo alikuwa mkorofi. Anayebishana hata na tepu, mbishi. Anayekuona umetulia akaja kukutia kidole ubavuni, mchokozi. "Na kaka yangu ni mchokozi," alikuwa akisema, "lakini mume wangu ni mgomvi, na wagomvi ni watu wazuri. Mgomvi hawezi kugombana na mtu asiyemjali. Atapata wapi nguvu?"

Basi mwanamke huyu akaugua, na maradhi hayakumchukua muda. Akafa.

Siku ya mazishi watu walikuwa wengi kuliko Mzee Vioo alivyodhani mkewe anajulikana. Walipokwisha kufukia, mama mkubwa wa marehemu, bibi kizee mwenye sauti nyembamba na fimbo nzito, aliwaita wajane wawili hawa. Ndivyo watu walivyosema baadaye kwa utani, wajane wawili, maana mume na kaka walikuwa wamesimama pamoja na sura zao zimefanana kwa majonzi.

"Mtoto wangu amezisikia kelele zenu miaka yote," bibi alisema. "Kachoka. Sasa mpeni mapumziko. Sitaki kusikia mmegombana tena. Mmenisikia?"

"Tumesikia, mama," walijibu kwa pamoja. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu wajuane.

Na wakashika ahadi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Jumatatu walifungua duka. Shemeji alisema, "Habari za asubuhi, shemeji." Mzee Vioo akasema, "Nzuri." Baada ya hapo hapakuwa na la kuongeza. Randa ikasikika. Kisu cha kukatia kioo, kile chenye gurudumu dogo kama punje ya mtama, kikasikika. Mpita njia alisimama mlangoni akachungulia ndani kwa wasiwasi.

"Kuna mgonjwa?" aliuliza.

"Hapana," alisema Shemeji.

"Mbona kimya?"

Randa ikaendelea.

Wakajifunza maneno mapya. "Shemeji, naomba tepu, tafadhali." "Ahsante sana, shemeji." "Samahani, nimekukanyaga." "Usijali, mguu ni wangu na kosa ni langu pia." Wakati wa chai kila mmoja alimsogezea mwenzake sukari kwanza, mpaka chai ikapoa sukari ikiwa katikati ya benchi, haina mwenyewe.

Mzee Vioo alikuwa akirudi chumbani jioni amechoka kuliko siku za kubeba mizigo. Hakujua kuwa adabu ina uzito. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda upande wake, asiuguse upande wa pili, na moyoni akamwambia mkewe: tumekaa kimya leo tena, umepumzika? Kilichomkera ni kwamba hakuwa na hakika. Miaka yote alidhani mkewe anazipenda zile kelele. Sasa mama mkubwa kasema alichoka. Nani alimjua zaidi?

Wakati huo akaja mteja mmoja, mwanamke aliyekuwa anafungua duka la dawa mtaa wa pili. Watu walikuwa wameshaanza kumwita Mama Dawa hata kabla hajauza kidonge. Alitaka kabati la kuwekea dawa lenye mlango wa kioo, na kioo kikubwa cha mbele ya duka, kimoja, kizima, watu waone ndani.

"Nimeambiwa nije kwenu," alisema. "Ila nimeambiwa pia mna kelele."

"Tuliacha," alisema Shemeji.

Walianza na kabati. Shemeji akatengeneza mlango, Mzee Vioo akakata kioo chake. Walipojaribu kukitia, kikagoma. Kilizidi kidogo tu, upana wa kucha.

Enzi zile hapo pangewaka. Sasa Shemeji aliinamisha kichwa. "Samahani, shemeji. Fremu yangu ndogo."

"La," alisema Mzee Vioo. "Kioo changu kikubwa."

"Hapana, ni fremu."

"Ni kioo. Usijisumbue."

Wakaachana kwa heshima. Hakuna aliyechukua tepu, maana kupima kungekuwa kama kumshuku mwenzio. Mchana Shemeji alipokwenda kula, Mzee Vioo alikilaza kioo mezani juu ya lile blanketi kuukuu, akapaka mafuta ya taa kwenye kisu, akavuta mstari mara moja tu kama inavyopasa, akakipunguza. Alipotoka yeye kwenda kula, Shemeji akarudi, akaichukua fremu, akaichonga ndani, akaipanua. Kila mmoja alijisikia vizuri. Kila mmoja alimfichia mwenzake wema wake.

Alasiri Mama Dawa alikuja kulitazama kabati lake. Mzee Vioo akakiinua kioo, akakitia kwenye fremu mbele ya mteja. Kioo kikapita. Kikapita chote, kama barua inavyopita chini ya mlango, kikatokea upande wa pili, na bahati Shemeji alikuwa amesimama huko akakidaka.

Shemeji alikiegemeza kioo ukutani.

"Kosa langu," alisema Shemeji.

"Langu," alisema Mzee Vioo.

Mama Dawa aliwatazama mmoja mmoja. "Nyinyi ndio mafundi niliosifiwa?"

"Ndiyo, mama. Tutakata kingine."

"Mtu aliyenielekeza aliniambia hivi: utakuta wanatukanana, wewe kaa utulie, kazi itatoka safi. Mimi nimekuta mnabembelezana, na kazi imetoka hivi." Akachukua mkoba wake. "Kile kioo cha mbele kikiharibika, duka langu halifunguki. Nimeshatangaza. Tafadhalini."

Jioni ile binti wa Mzee Vioo alikuja kumwona baba yake kama kawaida. Alikuwa ameolewa mtaa wa nyuma. Alimkuta amekaa uani.

"Baba, kuna jambo. Mjomba anaondoka."

"Wapi?"

"Kwa yule fundi wa samani wa upande wa sokoni. Amempa karakana na chumba cha kulala. Akimaliza kuweka kioo cha duka la dawa anahama."

Mzee Vioo alivua kiatu kimoja, akabaki amekishika. Binti alimjua, akangoja.

"Nimemkosea nini?" hatimaye aliuliza.

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Amesema hujamkosea kitu, na ndiyo sababu. Amesema, 'Baba yako ananiambia tafadhali. Ananiambia ahsante sana. Miaka yote nilikuwa mtu wa nyumba hii, sasa nimekuwa mgeni. Aliyenileta ni dada, na dada hayupo. Mgeni akishaanza kupangusiwa kiti, mwenye akili anaaga.'"

"Mama mkubwa alisema tusigombane."

"Mama mkubwa amegombana na majirani zake wote mpaka na mbuzi wao. Baba, mwambie mjomba asiondoke."

"Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo, baba. Usiondoke. Ni neno moja."

Neno moja. Mzee Vioo alilibeba neno hilo siku zilizofuata kama mtu aliyemeza kitu kikakwama kifuani. Asubuhi alifungua mdomo akasema, "Shemeji." "Naam, shemeji?" "Basi tu." Mchana akasema, "Shemeji, lile jambo..." "Jambo gani?" "La misumari." Akaletewa misumari asiyoitaka, akasema ahsante sana. Angeweza kumwita shemeji yake kwa majina ishirini ya matusi bila kurudia hata moja. Lakini kumwambia mtu usiondoke, nakuhitaji, nyumba imekuwa kubwa, hilo alikuwa hajawahi kulisema kwa lugha yoyote. Mkewe hakuwahi kumlazimisha kulisema. Akaona wazi kwamba siku ya kioo ikipita, atabaki na meza, blanketi na tepu, na hakutakuwa na mtu duniani wa kumwambia fremu yako ndogo.

Siku ya kioo ikafika.

Asiyefanya kazi ya vioo anadhani kioo kikubwa hubebwa kwa mikono. Mikono inashika tu. Kioo hubebwa kwa mdomo. Mmoja anatangulia, mmoja yuko nyuma, kioo kimesimama wima kati yao, na mikono yote minne ina kazi. Huwezi kunyoosha kidole. Huwezi kugeuka. Wa mbele anaona njia lakini haoni kioo. Wa nyuma anaona kioo lakini haoni njia. Kinachowaunganisha ni sauti. Na maneno yanapaswa yawe mafupi na yawe makali, maana kioo hakina subira.

Walivaa glovu zao, wakakiinua. Shemeji mbele, Mzee Vioo nyuma. Binti akatangulia pembeni kufukuza watoto na baiskeli.

"Uko tayari, shemeji?"

"Niko tayari, shemeji. Na wewe?"

"Nami niko tayari. Ahsante."

Wakatoka. Kioo kilikuwa kirefu kuliko wao, na kwa kuwa kilikuwa kisafi, watu waliona wazee wawili wakitembea taratibu kama wamebeba hewa. Mtaa ulinyamaza kuwapisha. Wakavuka mtaro. Wakapita kwa fundi cherehani, ambaye alisimamisha mguu kwenye pedali yake. Mzee Vioo alikuwa akitazama ukingo wa juu wa kioo na mgongo wa shemeji yake kwa pamoja. Mgongo ule ulikuwa umeanza kupinda. Hakuwa ameuona hivyo. Akafikiri, sasa ndiyo nafasi, nimwambie hapa hapa, haniangalii usoni.

"Shemeji," alianza.

"Naam?"

Wakati huohuo akaliona bati. Mwenye kibanda cha matunda alikuwa amesogeza paa lake mbele kupata kivuli, na ncha ya bati ilikuwa imetokeza juu ya njia, sawa kabisa na urefu wa kioo. Shemeji, aliyekuwa akitazama chini asijikwae, alikuwa anaelekea moja kwa moja huko.

"Shemeji, samahani," alisema Mzee Vioo, "kama haitakusumbua, ningeomba..."

"Unasemaje, shemeji? Sikusikia vizuri."

"Nilikuwa naomba, kama unaweza, ushushe..."

Hatua moja tu ilibaki. Ahadi ya kaburini, adabu, mama mkubwa na fimbo yake, vyote vilimpita kichwani kama ndege, vikaenda zao.

"CHINI! Shusha, we kichwa cha nazi! Macho umeyaacha mfukoni?"

Shemeji alipiga magoti kabla hajafikiri. Mwili wake uliijua sauti ile kwa miaka. Kioo kikashuka, ncha ya bati ikapita juu yake karibu kukibusu, kikabaki kizima.

Mtaa mzima ulisimama. Fundi cherehani alikuwa ametoka nje na shati la mtu mkononi.

Shemeji, akiwa bado amepiga magoti, kioo mikononi, alisema polepole bila kugeuka, "Umeniitaje?"

Mzee Vioo alikaza mikono kwenye kioo. "Kichwa cha nazi."

"Mimi?"

"Kuna mwingine aliyebeba kioo hapa?"

"Kichwa cha nazi ni mimi," sauti ya Shemeji ilianza kupanda, "au ni wewe unayeliona bati likitujia ukaanza kuniandikia barua? Samahani, ningeomba, kama haitakusumbua! Ungemaliza lini? Kesho kutwa? Tukiwa tunaokota vipande?"

"Ningejuaje kama huoni? Unatembea kama unatafuta sindano!"

"Natembea kama mtu anayesukumwa na ng'ombe! Nyuma huko unakimbilia nini? Inua!"

"Inua wewe kwanza!"

"Tuinue pamoja, mzee mpumbavu wee!"

Wakainua pamoja. Wakaondoka, na safari hii mtaa haukunyamaza. "Kushoto! Nimesema kushoto, huo mkono wa kushoto uliuazima?" "Simama! Simama kuna mtoto! We mtoto, pisha, huyu babu yako hana breki!" Mtu alitoa kichwa dirishani akapiga kelele ndani, "Njooni mwone, wagomvi wamerudi!" Fundi cherehani alicheka mpaka akajifuta machozi kwa shati la mteja. Binti alikuwa mbele akifukuza baiskeli, lakini alikuwa anaona njia kwa taabu, maana naye macho yalikuwa yamemjaa.

Mama Dawa aliwasikia kabla hajawaona. Alitoka mlangoni, akasikiliza, akashusha pumzi. "Alhamdulillahi," alisema. "Kazi itakuwa nzuri."

Kioo kikaingia mahali pake kama jicho linavyokaa usoni. Hakuna aliyegusa randa wala kisu. Wakagombania sifa.

"Umeona upimaji wangu?"

"Umepima nini wewe? Fremu ndiyo imekisubiri."

Walipomaliza kupaka gundi pembeni na kufuta alama za vidole, walikaa kwenye ngazi ya duka. Mama Dawa akawaletea maji baridi. Binti alikwisha kwenda kupika. Walikunywa. Mzee Vioo aliona kwamba neno lake bado limekwama kifuani, lakini sasa limelegea.

"Na hiyo safari yako ya kijinga," alisema.

"Safari gani?"

"Ya kwa fundi samani."

"Nani kakwambia?"

"Nimeota."

"Basi uliota vizuri. Nimeshatoa neno. Naenda."

"Huendi."

"Nani wa kunizuia?"

"Mimi. Utaenda nikifa. Na nikifa ndiyo kabisa huendi, maana nani atabeba jeneza langu upande wa mbele? Ukiwaachia vijana peke yao watanigonga kwenye bati."

Shemeji alicheka kwa pua, akajizuia. Kisha akaweka glasi chini na uso ukabadilika.

"Tumeivunja ahadi," alisema. "Ya dada."

"Tumeivunja."

"Kaburini kwake."

Mzee Vioo alitazama vidole vyake, vyenye alama ndogo nyeupe za kioo cha miaka. "Nikuulize kitu. Alichoka kweli? Na kelele zetu?"

"Nani, dada?" Shemeji alimgeukia kabisa. "Wewe umeishi naye miaka yote hiyo na hukujua?"

"Kujua nini?"

"Tulipokuwa tukinyamaza, nani alikuwa akipita nyuma yangu ananinong'oneza, 'Kaka, hiyo pembe imenyooka kweli? Mume wangu anasema imepinda'?"

Mzee Vioo naye aliweka glasi yake chini.

"Mimi alikuwa akiniambia," alisema taratibu, "kwamba wewe unasema kisu changu ni butu."

"Sijawahi kusema hivyo."

"Nami sijawahi kusema pembe imepinda."

Wakatazamana. Kicheko kilianza kwa Shemeji, tumboni, kikamfikia Mzee Vioo aliyekuwa hajacheka tangu msiba, na kilipomfikia kilimwumiza mbavu kama kitu kilichokaa muda bila kutumika.

"Mchokozi mkubwa!" alisema Shemeji. "Na mimi ndiye nilibebeshwa jina!"

"Hakuwa mchokozi," alisema Mzee Vioo, akijifuta macho. "Alikuwa anatutunza."

"Alikuwa mchokozi. Tangu utotoni. Alikuwa akigombanisha majogoo."

"Usimseme vibaya."

"Simsemi vibaya, nasema kweli. Utaniambia mimi? Mimi nimemjua tangu hana meno!"

"Na mimi nimemjua mpaka hana meno!"

Mama Dawa alitoka na kitambaa mkononi. "Mnagombania nini tena? Kazi si imekwisha?"

"Tunamgombania mke wangu," alisema Mzee Vioo.

"Dada yangu," alisema Shemeji.

Mama Dawa aliwatazama, akaelewa, akarudi ndani polepole akaupisha ugomvi uendelee.

Ukaendelea kwa raha. Wakabishana juu ya gauni alilovaa siku ya kwanza Mzee Vioo alipomwona, kama lilikuwa la kijani au la buluu. Wakabishana kama alijua kuimba. Kila mmoja alitoa kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho, na mwenzake, hata akikikana, alikipokea na kukiweka. Jua likasogea, kivuli cha ngazi kikawafuata.

Mwishowe Mzee Vioo alisimama, akashika kiuno. "Haya, twende."

"Wapi?"

"Kwa huyo fundi samani. Ukamwambie huendi."

"Nitamwambia mwenyewe, kesho."

"Huwezi. Utaona haya, utamung'unya maneno, utarudi umekubali kumtengenezea meza kumi."

"Mimi, kumung'unya maneno? Wewe uliyekaa siku zote hizi unaniomba misumari?"

Mzee Vioo akamgeukia. "Ulijua?"

"Nilijua. Nilikuwa nangoja uniambie kiungwana kama mtu." Shemeji akajikung'uta suruali. "Nikasahau kwamba huna hiyo lugha. Twende. Tupite kwa njia ya kinu, ni fupi."

"Njia ya kinu ndefu. Ya msikitini ndiyo fupi."

"Ya msikitini ina matope."

"Matope ya mwaka jana hayo."

Wakaenda, bega kwa bega, na kwa kuwa hakuna aliyekubali njia ya mwenzake, wakapita ya tatu, iliyo ndefu kuliko zote, na hakuna aliyelalamika.